Shairi Kabla ya Kisu

Asubuhi ya upasuaji, hospitalini Kitale, daktari alivuta kiti karibu na kitanda cha mama, akaanza kumghania shairi alilolitunga mwenyewe. Alitaka kumtuliza. Mama alinishika mkono hadi ukauma. Kwetu Bumula, kule Bungoma, mghani huitwa watu wakishazika.

"Daktari, kwani nimeshakufa?"

Daktari akaacha kughani, uso umemshuka. Nilitaka kumfokea. Si atibu tu, aachane na tungo zake! Lakini akainama, akauliza polepole, "Mama, ungependa nikuambie nini?"

"Niambie tu utanikata wapi."

Akamwonyesha kwa kidole, juu ya shuka, akimweleza kila atakachofanya. Mkono wa mama ukalegea. Sasa mimi ndiye niliyeung'ang'ania.