Motokari Isiyolia

Mume wangu macho yalimwishia hapa Uganda, kambini Nakivale, si Kongo. Nasema hivyo kwa sababu watu hupenda kumpa kipofu hadithi ya vita. Vita ilimwachia macho yake yote mawili. Baadaye yakafunikwa na ukungu, basi, akawa mtu wa masikio.

Barabara aliivuka mwenyewe. Asubuhi alisimama ukingoni, akatega sikio, akapita mpaka upande wa pili, fasi magari ya Mbarara hupakia watu. Sikumshika mkono. Angenipiga fimbo. Kule kituoni madereva walikuwa wanamjaribu.

"Papa, ile inayokuja ni nini?"

"Lori ya maaskari. Dereva wao hajui gia."

"Na hii?"

"Piki ya yule Mnyankole wa maziwa. Mwambieni aache mafuta machafu."

Hakukosea. Mimi nililima maharage, yeye alikuwa na barabara.

Halafu dereva mmoja, mtu wa kwetu Kivu ya Kusini, akaleta kutoka Mbarara motokari ya mafuta na batri. Ilikuja kutoka Japani ikiwa imechoka, lakini aliipanguza kama mtoto wa kwanza. Ikienda polepole injini inalala, batri inabeba. Haina moshi, haina sauti.

"Mama, nyinyi mumekula moshi mingi," aliniambia. "Siku zinakuja motokari zote zitakuwa hivi."

Watu waliiita jeneza. Kwetu mtu hatoki nyumbani na gunia lake mpaka asikie gari. Hii ilikuja ikaondoka, watu wangali wamekaa ndani na magunia.

Madereva wenzake ndio walioona mchezo ndani yake. Walipatana naye ateremshe motokari taratibu kwenye mteremko, asimame mbele ya magoti ya mzee, kisha apige honi. Walitaka wamwone akiruka. Mvua ilikuwa imenyesha. Mimi nilikuwa naenda shamba na jembe langu, na niliona meno yao kabla sijaona gari.

"Papa, njia iko wazi, pita!"

Alitega sikio. Hakusikia kitu. Akapita.

Magurudumu yalisimama, lakini udongo ulikuwa utelezi na motokari ikaendelea kuja. Alipoanguka walikuwa bado wanacheka. Mmoja alichelewa sana kuacha.

Tulimpeleka hospitali ya Mbarara ndani ya motokari ileile. Hapakuwa na nyingine. Alilala nyuma, kichwa mapajani mwangu. Nyamitanga, pale pa kuingilia mjini, tulikwama kwenye msururu wa magari, naye akainua kichwa.

"Mbona kimya? Imekufa?"

"Hapana, Papa. Iko nzima, injini ndiyo imelala."

"Na pale iliponipata, ilikuwa imelala?"

Dereva aliangalia mbele. "Papa, tulikuwa tunacheza."

"Mulikuwa munacheza na nani?"

Msururu ulisogea, tukasogea nao, bila sauti.

Nyonga yake iliungana vibaya. Motokari ile haikupata ubaya wowote. Watu waliizoea, hata wakaanza kuisifu kwamba watoto hawatapiki ndani yake, na yule dereva alipita mlangoni kwetu kila siku akipunga mkono. Alikuwa anampungia kipofu.

Mume wangu alipoweza kusimama tena, alitaka barabara yake. Nilimfuata nyuma. Alifika ukingoni, akasikiliza. Kulikuwa kimya.

"Pita, Papa," madereva waliita kutoka ng'ambo. Safari hii hawakuwa na mchezo.

Hakusogea.

"Baba watoto, pita," nikamwambia. "Hakuna kitu."

"Nani anasema?"

"Bibi yako."

"Unacheka?"

"Sicheki."

Alinyoosha mkono mbele ya wale wanaume wote, akanipapasa mdomo, pembe hii na pembe ile. Kisha akageuka, akarudi nyumbani.