Mama wa Kerrow Yupi

Kibanda cha Kerrow kilikuwa nyuma ya soko la Garissa, na kwa miaka mingi hakuna aliyekufa kutoka Mandera hadi Wajir bila yeye kupata habari kabla ya majirani wa marehemu. Kazi yake ilikuwa taar, ile redio ya betri ya gari yenye waya mrefu juu ya nguzo. Unapiga kelele Garissa, wanakusikia Elwak, na pamoja nao anakusikia kila mwenye taar na masikio. Simu ya posta ilikuwa ya maafisa, tena siku ikijisikia kufanya kazi. Watu wa kawaida walikuja kwa Kerrow.

Alikuwa mtu wa adabu, na adabu yake kila mteja aliijua: jina la mwanamke halitajwi hewani. Wanaume mia wanasikiliza, hata hujui ni akina nani, utamtajaje mama wa mtu kama mbuzi wa mnada? Ukimletea habari ya mwanamke, Kerrow alisema "mama wa fulani", basi. Wenye taar wengine walimsifu, kisha wakaiga. Yeye mwenyewe alijiona mstaarabu kweli kweli, na simcheki, maana mji mzima ulimwona hivyo.

Mwaka wa tisini na mbili, ukame ulipokwisha kumaliza ng'ombe ukaanza ngamia, sauti ya Elwak iliita asubuhi.

"Garissa, Garissa. Mwambie Kerrow mama yake amefariki. Tumezika jana. Ova."

"Kerrow ni mimi," akajibu.

Alikuwa amesikia kwamba watu wa Banissa wanateremka Elwak kufuata chakula cha msaada, na mama yake, Kaltun, aliishi Banissa. Kwa hiyo hakuuliza zaidi. Barabara ilikuwa na majambazi, na yeye ndiye mwana wa kiume pekee, mtu ambaye alipaswa kuingia kaburini kumlaza mama yake kwa mikono yake. Hakwenda hata kulizuru kaburi. Alichinja mbuzi, akawaita masheikh wakasoma Kurani, akarudi kwenye taar.

Miezi saba baadaye dereva wa lori la mifugo alimletea kibuyu cha samli na salamu za mama yake. Samli hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa madereva watatu. Kerrow alijua salamu za malori huzunguka weee mpaka zinafika wenyewe wameshazikwa. "Walaal, ndugu yangu, huyo tulishamzika," akamwambia dereva. Samli aliila kidogo kidogo, akilia.

Mwaka wa tisini na nane ikaja barua kutoka Toronto. Farah, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa anasomea kompyuta huko. "Abti," aliandika, "nimefungua ukurasa kwenye intaneti. Nataka wazee wetu wote wawemo, jina, mwaka na picha ya kaburi, ili watoto wanaozaliwa huku wajue wametoka wapi. Anza na ayeeyo." Abti ni mjomba, na ayeeyo ndiye bibi yake, Kaltun.

Kerrow hakuwa amewahi kuiona hiyo intaneti, lakini barua aliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Kwa miaka sita aibu ya kutokwenda ilikuwa imemkaa kifuani, na sasa aliona njia ya kuipunguza. Akaazima kamera, akapanda lori, siku nne njiani kwa sababu mvua za El Niño zilikuwa zimekula barabara.

Elwak alimkuta Abdow, mzee aliyezika watu wengi mwaka ule wa ukame. "Mama wa Kerrow? Namkumbuka," Abdow akasema, akampeleka nje ya mji hadi kwenye rundo la mawe lililozungushiwa miiba. Jina halikuwepo. Makaburi ya huko hayaandikwi, hukaa vichwani mwa watu. Kerrow alirudisha mawe yaliyoporomoka, akaomba dua, akalia bila kujificha. Kisha akapiga picha.

Baada ya miezi miwili Farah alituma karatasi iliyochapwa kutoka kwenye ule ukurasa: rundo la mawe, na chini yake, *Kaltun Ibrahim Alio, alifariki 1992, Elwak*. Kerrow aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya redio. Hakujali kwamba jina la mwanamke sasa lilisomwa na dunia nzima. Alikuwa na furaha. Wateja waliichoka habari ile.

Ndipo akaja Arbia. Alikuwa mwanamke wa Banissa, jirani wa Kaltun tangu zamani, ameletwa Garissa kutibiwa macho. Aliingia kibandani akakaa bila kutabasamu.

"Hiyo nini unatundika pale?"

"Kaburi ya hooyo, ya mama, eddo. Iko Elwak."

"Elwak hapana. Kaltun tulizika sisi, Banissa, mwaka ya tisini na nne. Elwak hakufika hata siku moja. Taar huko hapana, habari tulipa lori, wewe hakuja."

Kerrow alitaka kucheka. "Walinipigia taar, eddo. Walisema mama wa Kerrow."

"Kerrow gani? Ile Kerrow Dheere, mrefu, ya kuleta ngamia hapa Garissa, mama yake ndiyo ilikufa Elwak. Hiyo Kerrow hakupata habari, alitafuta mama yake mpaka ng'ambo, Ethiopia, hajarudi mpaka leo."

Kerrow akauliza jambo moja tu, kama mama alisema lolote juu yake.

"Alituma wewe samli. Akangoja jibu. Kila lori ikija aliuliza, samli ilifika? Mimi nikasema, ilifika. Akasema basi, mtoto iko na kazi mingi." Arbia alipangusa macho yake mabovu kwa ncha ya shashi ya kichwani. "Miaka miwili alisema hivyo."

Kerrow aliuliza kaburi liko wapi. Lilikuwa kando ya laga, ule mto mkavu, na mvua za El Niño zilikuwa zimelibeba pamoja na ukingo. Pale sasa ni mchanga.

Alimwandikia Farah aifute ile picha. Farah akajibu kwamba ndugu wa London na Minneapolis wamekwisha kuisomea dua. "Kufuta ni rahisi, abti," aliandika. "Lakini nitaweka nini mahali pake?" Mawe ya mama wa mtu mwingine yakabaki chini ya jina la Kaltun, na yule wa chini ya mawe hakuna aliyemjua jina.

Wiki ile ile mwanamume mmoja aliingia kibandani akihema. "Piga Wajir. Sema mama wa Diriye amefariki, hapa Garissa."

"Anaitwa nani?"

"Mama wa Diriye."

"Jina lake. Na baba yake nani."

Yule mtu alimtazama kama aliyeombwa amvue marehemu sanda. "Warya, si wewe ndiyo ulifundisha sisi heshima?" Akatoka, akaingia kibanda cha jirani.

Kerrow alikaa mbele ya redio yake. Punde ikakohoa. "Wajir, Wajir. Mwambieni Diriye mama yake amefariki. Ova."

Alinyakua maiki. "Diriye yupi? Uliza jina la mama!" Lakini taar haibebi watu wawili kwa mpigo, na Wajir ilikuwa imeshaanza kujibu.

"Tumekupata, Garissa. Diriye tuko naye hapa. Analia."