Shikamoo ya Alasiri

Mwanangu, iko siku moja naikumbuka kwa masikio zaidi kuliko kwa macho. Ngoja nivute kigoda nikuhadithie, maana wewe huna haraka na mimi sina pa kwenda.

Nasikia vijana wetu siku hizi wanaunda ndege hapa hapa Morogoro, na kwamba wewe umechukuliwa kuwa mmoja wao. Nilipopewa habari hiyo nilipiga kigelegele jikoni peke yangu, jirani akaja mbio akidhani nimepata mjukuu. Ringa, mwanangu, una haki. Ila usidhani ninyi ndio wa kwanza. Nilipokuwa msichana wa Bigwa palikuwa na karakana moja ndogo chini ya mlima, haipo tena, bati lake lilikwisha kung'olewa. Mbavu na mabati ya ndege yalikuja kwenye makasha, nasi tukakata, tukatoboa, tukaunga, mpaka makasha yakawa ndege ya viti viwili. Mimi Zena, binti wa mkulima wa mbogamboga, nilikuwamo.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta kisichotakiwa. Usicheke. Fundi akikata bati, chembe hudondoka. Akifunga nati, nyingine humponyoka. Kitambaa, kipande cha waya, ncha ya keekee iliyovunjika, vyote hivyo vinapenda kujificha ndani ya ndege, na ndege ikishafungwa hakuna wa kuviona tena. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa hiyo kabla sehemu yoyote haijafungwa, mimi ndiye niliyeingiza kichwa mle, na taa, na kioo kidogo chenye mpini mrefu, na sumaku niliyoifunga kwenye fimbo. Mama aliponiuliza nafanya nini huko kwenye ndege, nilimwambia nachambua mchele. Alielewa mara moja, akaniombea dua.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Mihayo, Mnyamwezi wa Tabora, fundi ambaye mikono yake ilishaunda ndege nilipokuwa bado nabebwa mgongoni. Na wewe unajua, Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Asubuhi nilimwamkia kwa adabu zote, shikamoo mzee, akaitikia marahaba binti, na baada ya hapo adabu tuliiweka kando mpaka kesho yake. Alidai sisi Waluguru hulima tukiwa tumejifunga kamba kiunoni tusije tukaporomoka na jembe mpaka shamba la jirani. Mimi nilimwambia babu zake walibeba mizigo ya watu mpaka wakasahau njia ya kurudi kwao, ndiyo maana yeye yupo hapa. Karakana nzima ilikuwa ikicheka. Nakuambia ukweli, sijafanya kazi mahali penye furaha kama pale.

Sasa basi, siku yenyewe. Ilikuwa kesho yake ndege yetu ya kwanza iruke. Wageni walishaalikwa, viti vya kukodi vilishashushwa, wazee wa Bigwa walishaambiana wataketi wapi. Mkia ulikuwa umebakiza bati moja tu la kufungwa. Nilikuwa nimekwisha kuukagua ndani, ukawa safi, nikampisha Mzee Mihayo, naye akalifunga lile bati kwa mkono wake, kwa ribiti, zile pini fupi za kugongea. Ilikuwa heshima yake kufunga la mwisho, hakuna aliyethubutu kumgombania.

Alipomaliza, vijana wakaunyanyua mkia ili waisukume ndege nje. Kompresa ilikuwa inanguruma, redio inaimba, watu wanapigana vikumbo. Mimi nilikuwa nimeegemea ubavuni. Nikasikia ndani ya mkia kitu kinabingirika. Ta, ta-ta. Kisha kimya.

Mwanangu, hapo hapo nikaacha kuegemea. Mle ndani ya mkia ndimo zinamopita waya za usukani. Rubani akivuta usukani, waya zinapita kwenye makapi, vile vigurudumu vya kuzielekezea, mkia unatii, pua inainuka. Kitu kidogo kama punje ya hindi kikiingia kati ya waya na kapi, rubani atavuta na ndege isimsikie.

Sasa nilifanya nini? Ndipo penyewe hapo. Aliyefunga alikuwa mzee mwenye umri wa baba yangu, mbele ya watu wake, siku moja kabla ya siku yake kubwa. Mimi binti, ninaanzaje kumwambia mzee kama yule kwamba kaacha takataka? Kwetu mdogo hamkosoi mkubwa hadharani. Nikakumbuka kwamba mimi ni mtani wake, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote. Nikapaza sauti:

"Mtani! Ndege yako imemeza karanga za Tabora, sikia inavyozicheua!"

Wote wakaangua kicheko. Mzee Mihayo hakukawia. "Hizo si karanga," akasema, "ni magoti yako Mluguru yanagongana. Yamezoea mlima, leo umeyasimamisha pa tambarare!"

Wakacheka zaidi, wakaisukuma ndege nje. Na mimi nikacheka. Naam, nilicheka. Nilijiona nimekwisha kusema, na asiyesikia shauri yake. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini siku hiyo methali ilikuwa imenitoka kichwani.

Haukupita muda akaja Salehe, rubani. Alikuwa kijana mpole wa Mlali, mkewe ndiyo kwanza ametoka arobaini ya mtoto wao wa kwanza. Akaizunguka ndege, akaipapasa, akaja kusimama mbele yangu.

"Dada Zena, umeikagua?"

"Nimeikagua."

"Basi mimi sina neno. Mle ndani sitaona kitu, nawaangalia ninyi usoni tu."

Akaniangalia usoni. Nikageuka nikajifanya naokota kitambaa. Sijui kama umewahi kuaminiwa na mtu huku unajua usichomwambia. Ni kitu kizito.

Nikaenda kwa Mzee Mihayo. Alikuwa ananawa mikono kwa sabuni ya unga, yuko mchangamfu kabisa. Nikamwambia, "Mzee, kuna kitu kimelia mkiani."

"Enhe, karanga," akasema, na vijana waliokuwa pale wakaanza upya kucheka.

"Mzee, kweli kabisa."

"Kweli kabisa, nimesikia. Nenda kazikaange tule."

Utani una ubaya huo, mwanangu. Ukishaufungulia mlango, maneno yako yote hupita hapo hapo, la kweli na la uongo, na mwenzio hana kosa asipoyatofautisha. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kuufunga. Kupiga kelele ningeonekana naigiza. Kulia ndiyo kabisa. Nikapiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa, nikainamisha kichwa, nikasema:

"Shikamoo, Mzee Mihayo."

Nilikwisha kumwamkia asubuhi. Wewe mwenyewe unajua, mtu haamkiwi tena alasiri na mtu aliyeshinda naye kutwa. Mzee akaacha kunawa, povu likiwa bado mikononi. Akanitazama, na kile kicheko kikamtoka usoni.

"Marahaba," akaitikia taratibu. "Sema, mwanangu."

"Nimesikia kitu kinabingirika ndani ya mkia baada ya kufungwa. Nilikitania, nimekosea. Sasa sitanii."

Akaagiza kompresa izimwe, redio izimwe, ndege irudishwe ndani. Wakaunyanyua mkia, wakautikisa. Kimya. Wakautikisa tena, mimi nimebandika sikio kwenye bati. Kimya kabisa. Kijana mmoja akanong'ona kwamba Mluguru ataka kutuharibia sherehe, na hakunong'ona kwa chini sana. Kulifungua bati lile maana yake ni kuzitoboa ribiti zote na kugonga nyingine upya, na jua lilikuwa limeshaelekea mlimani.

"Zena," akasema Mzee Mihayo, "una hakika?"

Nilitamani kusema sina. Ingekuwa rahisi mno, na kila mtu angekwenda nyumbani. "Sijui kilichomo, mzee," nikamjibu. "Ila nilichosikia nimekisikia."

Akachukua keekee akaanza kutoboa mwenyewe. Bati lilipotoka, nikaingiza taa na kioo. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha nikakigeuza kioo kuelekea kapi la mwisho, na pale kati ya waya na kapi kikang'aa kipande cha ribiti, kimejibana vizuri kabisa. Ndiyo maana hakikulia tena. Kilikuwa kimefika kilikokuwa kinakwenda. Na sumaku yangu hata ningeipitisha vipi isingekiokota, kwa sababu ribiti ile ilikuwa ya alumini, na sumaku haina habari na alumini.

Mzee Mihayo akakichomoa kwa koleo, akakiweka kiganjani. Karakana nzima ilikuwa imesimama. Kila mtu alikuwa anawaza ni nani atakayebebeshwa lawama.

"Hii ni yangu," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Bati la mwisho nimefunga mimi, na hii imenidondoka mimi. Asitafutwe mwingine." Kisha akanigeukia. "Na wewe njoo hapa nikugombeze."

Nikashangaa. Nilidhani ningesifiwa.

"Mara ya kwanza uliposikia, ulisema?"

"Nilisema, mzee."

"Hukusema. Ulichekesha watu. Ulisema ili ukifika kwenu ujiambie umesema. Hii mara ya pili ndiyo umesema ili mimi nisikie. Hapo katikati, kama Salehe angeamua kuijaribu leo leo, mkewe ningemwambia nini? Kwamba tulikuwa tunataniana?"

Machozi yalikuwa yananitoka, sikufichi.

"Mkubwa ni jalala, Zena. Nitupie. Nikikasirika, nitakasirika tukiwa wote wazima hapa chini, na hasira za Mnyamwezi hazifiki asubuhi. Lakini usinifiche jambo ndani ya kicheko, mimi mzee, nitalipita." Akanikabidhi kile kipande. "Kitupe kwenye debe la takataka. Halafu uanze upya, ukague mkia wote tangu mwanzo."

Nikaukagua tangu mwanzo, na safari hii hakuna aliyefungua redio mpaka nilipotoa kichwa na kusema ni safi.

Kesho yake Salehe aliruka kwanza peke yake, kama ilivyo desturi. Nilisimama na mama yangu kati ya wageni. Ndege ikakimbia, vumbi likatimka, na nilipojua kwamba sasa anavuta, nilijikuta nami nimekunja ngumi navuta. Pua ikainuka. Watu wakapiga makofi na vigelegele, mama akanikumbatia bila kujua hasa ananikumbatia kwa lipi. Alipotua, Mzee Mihayo akamwambia abebe mtu kiti cha pili. Kiti kile kilikuwa cha mgeni mmoja mkubwa. Sijui mzee alimnong'oneza nini, nilimwona mgeni akicheka na kurudi kivulini.

"Panda, Mluguru," akaniambia. "Ukaone mashamba yenu yalivyoning'inia."

Nikapanda. Nimeiona milima ya Uluguru kwa juu, mwanangu, mimi ambaye bibi yangu aliipanda kwa miguu maisha yake yote na mkungu wa ndizi kichwani. Nimeona ukungu uko chini yangu, nimeona matuta ya viazi, nimeona Mlali, na Salehe akanionyesha paa la nyumba yake. Niliona fahari ambayo mpaka leo haijanipungua. Fahari ya kupanda ndege kila mwenye nauli anaweza kuwa nayo. Mimi nilijua kilichomo ndani ya mkia, na nilijua kisichokuwamo.

Basi nasaha yangu ni hii, ishike. Heshima kwa wakubwa usiiache, ni mali yetu. Utani usiuache, bila huo kazi huwa kama adhabu. Lakini siku utakayosikia kitu kinabingirika mahali pasipostahili, iwe kwenye ndege, iwe kwenye ndoa yako, iwe kwenye jambo la wakubwa zako, usikitupie neno kwa mbali kisha ukanawa mikono. Nenda karibu na mtu, mwite kwa heshima yake, mwambie wazi, na usiondoke mpaka uone amesikia. Na wakikutikisia wakakuta kimya, usione haya. Kimya nacho huwa na jambo lake. Na siku na wewe utakapokuwa mkubwa, mdogo akakuletea kosa lako mbele ya watu, kumbuka kusema, hii ni yangu. Ukiweza hilo, mafundi wako hawatakuficha kitu.

Mungu akupe sikio jepesi na ulimi usiotafuta pa kujificha. Aibariki mikono yako, na kila utakachokifunga kwa mikono hiyo kiende na kirudi, na aliyemo ndani yake ashuke kwa miguu yake mwenyewe, amkute mtoto wake bado hajalala. Amina, mwanangu. Amina.