Kamusi Iliyobaki Ndani ya Diski

Umeme uliporudi kwa kishindo pale Kisesa, kompyuta yetu ilitoa harufu ya mpira unaoungua, ikazima. Ndani yake mlikuwa na kamusi ya Kisukuma. Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyekuwa akinitajia maneno na maana zake, nami nikichapa. Nakala tuliyokuwa nayo kwenye disketi iliishia herufi ya M. Na mwalimu alikuwa ametoka kupata kiharusi; hatukujua ni maneno mangapi yamebaki kichwani mwake.

Fundi wa Nyakato alisema kilichoungua ni mashine, diski ni nzima. Akaichomoa na kuifunga kwenye kompyuta nyingine, mtumba wa Dubai, kama zile zilizoanza kujaa mjini baada ya biashara kufunguliwa. Mwalimu alikuwa amekataa kubaki nyumbani. Aliketi nyuma yangu, mkono wake wa kushoto umelala pajani.

Fundi akabonyeza swichi. Kioo kikakaa cheusi, kisha ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, kwamba mashine haioni mfumo wa kuiendesha.

"Maneno yangu yapo?" mwalimu akauliza.

"Ndiyo kwanza inawashwa, mwalimu." Sikugeuka. Angeiona sura yangu.

Fundi akajaribu tena. Mstari ule ule.

"Dada, naona tuifute diski, tupange upya. Itawaka vizuri tu."

"Na vilivyomo?"

"Hivyo vitapotea."

Nilishtukia nimemshika mkono, mume wa watu, nimeukandamiza mezani. "Kaka, usiguse kitu. Nakuomba."

Alinitazama, akamtazama mwalimu, akaizima mashine. Akaigeuza diski na kusoma kibandiko chake.

"Ile mashine ya zamani ilikuwa imeelezwa ukubwa wa diski hii," akasema. "Hii inakisia tu. Labda inakisia vibaya."

Akaiwasha tena, akaingiza tarakimu za kibandiko kwenye mipangilio ya mashine, akatia disketi ya kuwashia. Nilikuwa nasali, na papo hapo natafuta maneno ya kumwambia mwalimu kwamba kazi yake imekwisha.

Majina ya mafaili yakaanza kushuka kwenye kioo. N ilikuwepo. S ilikuwepo. Fundi akanakili kwenye diski mafaili ya kuwashia yaliyokuwa kwenye disketi, akaitoa disketi, na mashine ikawaka yenyewe.

Nikafungua N, nikamsogezea mwalimu kiti. Akasoma neno la kwanza polepole, akalirudia. Kisha akaniangalia.

"Hili ni nini?"

Lilikuwa jina la rangi ya ng'ombe. Siku aliponieleza alicheka mpaka akakohoa, kwa sababu ng'ombe wa rangi hiyo alimpiga teke utotoni mbele ya baba yake. Sasa nilimsomea maelezo yake mwenyewe, akayasikiliza kama mgeni aliyeketi kwa watu.

"Aliyeandika haya anajua," akasema. "Soma na linalofuata."

Nikasoma.