Rimu Zing'aazo za Xavery

Mtaa mzima wa Chemchem, hapa mjini, wananijua kwa kufunga matairi, na mdomo wangu wanaujua pia. Mteja akichagua upuuzi namwambia. Xavery nilimwambia.

Ni mtu wa vijiji vya ndani huko Sikonge, miaka yote kabeba asali kwa baiskeli. Alipopata kigari chake, Corolla kuukuu, alikileta kwangu moja kwa moja. "Shikamoo, Baba Amne. Nataka rimu za sporti, zile zinazong'aa. Mama yangu amebebwa kwenye keria vya kutosha."

"Marahaba. Lakini kijijini kwenu ni makorongo na visiki! Baki na rimu zako za chuma, nikufungie tairi nene."

Akacheka. "Mzee wangu, au unanionea wivu?"

Wivu, mimi! Nikamfungia kwa hasira. Sasa, rimu zile zina nati zake, na hizo hazikazi rimu ya chuma. Tairi la spea kwenye buti lilikuwa bado na rimu ya chuma. Nati za zamani zilibaki kwenye kopo langu, nami sikumwambia azichukue. Nilikuwa nimenuna.

Mwezi haukuisha, mama yake, Bi Agnetha, akabanwa na kifua. Asubuhi Xavery akampakia, waje hospitali mjini. Katikati ya pori kisiki kikapasua tairi. Akafunga la spea, akakaza, likacheza. Akakaza tena. Wapi! Kila akijaribu kuondoka, gurudumu linataka kuchomoka. Simu huko haishiki. Lori la tumbaku lilipotokea, saa saba mchana, mama alikuwa ameshakata roho kwenye kiti cha nyuma.

Nilikwenda msibani, njia nzima najitukana. Nikamweleza Xavery yote: nati, kopo, kununa kwangu. Nilitaka anitukane na yeye, hata anipige, roho yangu ipumue. Hakunyanyua mkono.

"Rimu nilichagua mwenyewe, Baba Amne," akasema. Kisha akalia, mwanamume mzima, mbele za watu. "Mimi nahangaika na spana pale chini, mama ananiita dirishani. Nikadhani anataka maji. Unajua aliniambia nini? 'Nisamehe, mwanangu, nimekuchosha.'"