Nukta Saba Chini ya Kizingiti

Mwalimu Mellen Nyanchoka alikuwa mbishi, na mimi simlaumu, maana watu wa kusema ndiyo tunao tele. Alizaliwa Migori mjini kwa wazazi Wasabato waliouza nguo, akasoma fizikia hadi shahada ya pili, kisha akapelekwa kufundisha shule ya wasichana upande wa Magunga.

Mwaka 1994 Daktari Okemwa, aliyemfundisha chuoni Nairobi, alimpa kazi ya ziada. Maabara za ng'ambo zilikuwa zimerusha elektroni kwenye ioni za chuma, yaani atomi za chuma zilizokwisha kupoteza elektroni kadhaa, na kupima ni mara ngapi pigo hung'oa elektroni nyingine. Matokeo yalichapishwa kwa michoro tu. Mellen alitakiwa aigeuze kuwa majedwali, ili wanaochunguza jua na nyota wapate tarakimu za kutumia. Malipo hayakuwepo; angeandikwa jina kwenye kitabu cha majedwali hayo, basi.

Mashine ya kusomea michoro hakuwa nayo. Alibandika mchoro kwenye kioo cha dirisha la ofisi ya walimu, akaweka karatasi ya grafu juu yake, na jua la asubuhi likimulika kwa nyuma, akatoboa kila nukta kwa sindano ya kushonea. Wenzake walimtania, "Madam, hiyo sweta itaisha lini?" Alicheka nao, akaendelea kutoboa.

Kwenye mchoro mmoja alikuta nukta saba mahali pasipostahili. Kila ioni ina kizingiti chake: elektroni ikija na nguvu pungufu, haing'oi kitu. Nukta hizo zilikuwa chini ya kizingiti, na bado zilionyesha kwamba elektroni zimeng'oka. Alipima tena. Akabandika karatasi mpya, akapima mara ya tatu. Saba zile zile.

Alipomuuliza Okemwa, jibu lilikuja kwa barua fupi: "Mellen, hayo ni makosa ya mashine yao. Zifute. Ukiniletea jedwali lenye upuuzi huo, jina lako halitaingia."

Barua ilimchoma. Alitamani sana jina lile, lakini kufuta kitu alichokiona kwa macho yake kulimshinda. Akamwandikia mpimaji mwenyewe ng'ambo, yule aliyefanya jaribio la mchoro ule, akimtajia nukta moja baada ya nyingine, kisha akangoja miezi minne roho ikiwa juu.

Mpimaji alijibu kwamba nukta zilikuwa za kweli. Baadhi ya ioni zilifika kwenye pigo zikiwa tayari zimesisimka, zimebeba nguvu ya akiba, hivyo hata pigo dogo lilizitosha. Alikiri kwamba alisahau kulieleza hilo alipochapisha. Mellen alitia nakala ya barua hiyo kwenye bahasha, akaituma Nairobi bila kuongeza neno lake hata moja.

Okemwa hakuandika. Jumatatu moja ya mwaka uliofuata alifika mwenyewe, akasimama kwenye gwaride la asubuhi mbele ya wasichana mia tatu, kitabu kipya mkononi. Alifungua ukurasa wa ioni za chuma, akasoma jina la mwalimu wao kwa sauti.

"Nilimwambia azifute," alisema, "tena nikamtisha. Angenitii, kitabu hiki kingebeba uongo wangu. Nisamehe, Mwalimu."

Wasichana walipiga vigelegele hadi mwalimu mkuu akachoka kuwanyamazisha. Mellen alilia mbele yao wote, wala hakufunika uso.