Mama Aliyeuza Maji ya Moto Nkende

Harufu ya kuni za mkaratusi zinazoungua asubuhi ya baridi, ikichanganyika na harufu ya sabuni ya mche na udongo uliolowa, ndiyo harufu ya utoto wangu. Kwetu, mtaani Nkende mjini Tarime, mama yangu aliuza maji ya moto ya kuoga. Mtu alikuja na vumbi lake, akapewa ndoo ya maji, kipande cha sabuni na jiwe la kusugulia visigino, akaingia katika bafu mojawapo kati ya yale matatu ya mabati yaliyojipanga nyuma ya nyumba yetu ya kupanga, na akitoka huwezi kuamini kuwa ni yule yule aliyeingia. Waliopita na kuona moshi walidhani tunapika pombe. Wengine walicheka kabisa kusikia kwamba kuna mtu anaishi mjini kwa kuuza kuoga. Lakini baridi ya Tarime unaijua ukiwa nayo mgongoni, na wateja hawakukosekana: wapagazi wa sokoni, wauza mitumba waliotoka Sirari na mizigo, na zaidi ya wote vijana wa machimbo ya dhahabu, waliotoka Shinyanga, Tabora na Singida, na ambao kule walikolala hawakuwa hata na pazia la kuogea.

Mama alianzisha biashara hiyo baada ya baba kufariki. Mimi nilikuwa darasa la kwanza, na mdogo wangu Chacha alikuwa bado ananyonya. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alitaka turudi Susuni tukalime chini ya macho yake, kwa kuwa kwa fikra zake mjane anayekaa mjini peke yake ni ng'ombe asiye na mchungaji. Mama hakubishana naye. Alisubiri zamu yake katika upatu wa wanawake wa mtaa, na ilipofika akanunua mabati, saruji na pipa kubwa la chuma. Alipika maji hayo kama wengine wanavyopika chakula cha wageni, akiyaonja kwa kiwiko kabla hajaijaza ndoo. Kila jioni aligawa mapato yake kwenye vikopo: cha kuni, cha maji, cha sabuni, cha kodi, na kimoja chenye mfuniko mwekundu alichokiita cha Robi na Chacha, ambacho hakukigusa hata tulipokula ugali kwa chumvi. Haba na haba, alipenda kusema, na mimi niliamini kwamba kibaba chetu kingejaa.

Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kukata sabuni kwa uzi na kuondoa matope kwenye mfereji. Matope hayo yalikuwa na rangi ya kila mahali vijana walikochimba: mekundu, ya kijivu, na mengine yaliyong'aa kidogo juani, hata watu wakazusha kwamba mfereji wetu una dhahabu. Mteja mmoja aitwaye Maganga, kijana wa Kisukuma, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, alinitania kila Jumamosi. "Robi, mura," aliniita, akilitumia vibaya neno la Kikurya la kumwitia kijana wa kiume, na mimi ni msichana, nami nikacheka mpaka tumbo likauma, "mfereji wenu ni tajiri kuliko mimi. Ukipata jiwe, unikumbuke." Maganga alifika na gari la mchana kutoka machimboni, akaoga muda mrefu kuliko wote, akavaa shati safi alilolileta ndani ya mfuko wa plastiki, kisha akaenda kwenye kibanda cha simu ng'ambo ya barabara kumpigia mama yake huko kijijini, karibu na Kahama. Siku moja mama alimuuliza kwa nini asipige kwanza ndipo aoge, maana foleni ya simu ilikuwa ndefu. Maganga alionekana kuona haya. "Siwezi kuongea na mama nikiwa mchafu," alisema. "Najua hanioni. Lakini siwezi." Tangu siku hiyo mama alimwongezea maji bila kumwambia.

Kiangazi ninachokisimulia kilikuwa kikali. Mabomba ya mji yalikauka, watu wakagombana kwenye chemchemi, na bei ya dumu la maji lililoletwa na punda ikapanda mpaka majirani wakawa wanafulia maji waliyooshea vyombo. Mama hakufunga. Alifungua kopo la mfuniko mwekundu kwa mara ya kwanza, akanunua maji kwa mkulima mmoja mwenye kisima, akisema kwamba biashara inayofungwa wakati wa dhiki wateja huisahau wakati wa neema. Kwa hiyo kiangazi hicho mtaa mzima wa Nkende ulijua kwamba penye maji ni kwa Mama Robi. Foleni ilifika mpaka barabarani. Mama Gati, jirani yetu aliyeuza chapati na chai kwenye lango letu, alikuwa anaimba kwa furaha, kwani mtu aliyeoga husikia njaa, na njaa hiyo ilikuwa ya kwake.

Jumamosi moja asubuhi, pikapu ilisimama mbele ya lango. Alishuka kijana mmoja tuliyemfahamu kwa sura, Masanja, aliyechimba duara moja na Maganga. Duara ndilo shimo lao la kuchimbia. Alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama," alisema Masanja.

"Marahaba. Maganga yuko wapi leo?"

Masanja aligeuka akaitazama pikapu. Nyuma, kati ya vijana wawili walioketi, palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa turubai. Alieleza kwa maneno machache. Duara lilikuwa limeporomoka siku mbili kabla. Walimfukua wenyewe kwa mikono, wakamfikisha hospitali akiwa ameshakata roho, polisi wakaandika, daktari akapima, na sasa walikuwa wamekabidhiwa mwili wausafirishe Kahama. Lakini mjini hakukuwa na maji. Maganga alikuwa vile vile walivyomtoa kwenye kifusi, udongo umemkaukia masikioni na puani. "Mama yake anasubiri," alisema. "Hela yote tumelipa gari na sanduku. Tukasema labda wewe, mama, hata ndoo moja."

Kabla mama hajajibu, Mama Gati alimshika mkono na kumvuta pembeni, karibu na nilipokuwa nimesimama na sabuni zangu. "Mama Robi, fikiri," alisema kwa sauti ya chini. "Hapa ni mahali pa walio hai. Ukimwingiza huyo, nani ataingia tena? Wape maji waende nayo mbele."

"Mbele wapi? Wamwogeshe barabarani?"

"Sisemi wamwogeshe barabarani. Nasema una watoto."

Mama alitazama foleni, akalitazama pipa lililokuwa linachemka, akanitazama mimi. Nimeyarudia macho yale mara nyingi maishani. Hayakuwa macho ya mtu asiyejua bei ya anachotaka kununua. Kisha akasema, na alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu ni mteja wangu. Jumamosi hii hajaoga." Akaniagiza niwatoe watu bafu la kati.

Masanja na mwenzake ndio walioingia naye kwanza. Haukupita muda Masanja akatoka, akakaa chini kwenye mfereji na kujikunyata. Alisema hawezi, kwamba kila akimmwagia maji anaona kifusi kinashuka. Hapo mama akafunga kitenge chake vizuri kiunoni, akachukua mche mpya wa sabuni ambao haukuwa umekatwa, akaingia mwenyewe. Mimi nilibaki kuchochea moto na kupitisha ndoo. Nilisikia maji yakimwagika taratibu, si kwa kishindo kama wateja walivyojimwagia, na nilimsikia mama akiongea kwa Kikurya, sauti ile ile aliyotumia kumwogesha Chacha, akimwambia afumbe macho sabuni isimwingie. Matope yaliyotoka mferejini yalikuwa ya kijivu, kisha maji yakawa mepesi, kisha meupe kabisa. Pipa lote liliisha. Alipomaliza alikwenda chumbani akafungua sanduku la nguo, akatoa shati jeupe la baba, la kanisani, lililokuwa limekunjwa tangu msiba. Ndilo alilomvika. Mchana pikapu iliondoka. Mama alisimama langoni mpaka vumbi lilipotulia, na alipogeuka hapakuwa na foleni.

Wiki ile hakuja mtu. Mama alisugua sakafu ya bafu la kati kwa dawa, akamwita mchungaji akaomba, akapunguza bei. Wageni wapya kutoka machimboni, wasiojua habari, walifika wamebeba taulo shingoni, na langoni hakukosekana mtu wa kuwanong'oneza, nao wakageuza kana kwamba wamesahau kitu. Watoto shuleni waliniita mtoto wa mochwari. Mama Gati alivumilia kwa muda, kisha asubuhi moja akaja kuhamisha meza yake. Hakuja kwa ugomvi. Alikuwa analia. "Sikuchukii, mwenzangu," alisema. "Ila wanasema chapati zangu zinakandwa kwa maji yako. Na mimi nina watoto." Mama alimsaidia kubeba jiko. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, lakini hawakusema wewe uliyelipa pango uende wapi.

Mvua zilipoanza, kila nyumba ikawa na maji, na tumaini la mwisho likaisha. Baba mkubwa aliwasili kutoka Susuni, koti limelowa, na hakukubali hata kukaa. "Nimesikia umemvika mgeni shati la ndugu yangu," alisema.

"Nimemvika mtoto wa mwenzangu, shemeji," mama alijibu.

"Mwenzako yupi? Unamjua?"

"Simjui."

Baba mkubwa alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa. Mabati yaliuzwa yafidie kodi, pipa likachukuliwa na mpika pombe, na mwisho wa mwezi tulipanda gari la mizigo pamoja na vitanda vyetu kwenda Susuni. Kopo lenye mfuniko mwekundu lilikuwa limebaki tupu, nami shule ya mjini nikaiacha.

Susuni mama alilima shamba la mawe alilopewa, na mashamba ya wengine kwa kibarua. Mikono yake, iliyokuwa laini kwa mvuke na sabuni, ilipasuka. Hakuzungumzia Nkende hata siku moja, na sisi tulijifunza kutouliza. Kisha, mahindi ya mwaka uliofuata yakiwa yanakaribia kukauka, nilimwona Masanja akipanda kijia cha kwetu, akimwongoza mwanamke mzee aliyetembea kwa fimbo. Nilijua ni nani kabla hajafika, kwa jinsi alivyokuwa mrefu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, cha mama nacho kilikuwa cha Kikurya nusu, lakini waliketi kwenye mkeka mmoja na kuelewana. Mzee yule alileta mchele na kuku mwekundu. Aliomba aoneshwe mikono ya mama, akaishika, akaigeuza akiitazama ndani na nje.

"Waliniambia nisifungue sanduku," alisema. "Wanaume wote wakasema, mama, usifungue, amekufa na udongo. Nikafungua." Masanja akainamisha kichwa. "Nikamkuta safi. Nikamnusa nywele. Nikasema, haya, sasa mzikeni." Kisha akasema wabeja, neno lao la shukrani, akalirudia mpaka sauti ikakatika, na mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia tangu mazishi ya baba, alilia. Walikaa hivyo mpaka kuku akaanza kuhangaika kwa joto na mimi nikatumwa kumfungua miguu.

Mama ameshafariki. Alifariki Susuni, kwenye nyumba ya udongo, akiwa hajawahi tena kumiliki biashara yoyote. Mimi nimerudi Nkende. Nina saluni ya kusuka, chumba kimoja, viti vinne. Mtaa umejaa nyumba za wageni zenye maji ya moto ya kufungua kwa bomba tu, na hakuna anayeuliza nani alilala au aliogea humo kabla yake. Vijana bado wanakuja kufuata dhahabu, na bado baadhi yao hurudi kwao wamelazwa. Siku hizi huhitaji kuomba maji ya mtu ili mwili usafiri ukiwa safi. Kuna wanaolipwa kwa kazi hiyo, na ni vizuri hivyo.

Binti yangu mdogo aliniuliza majuzi kwa nini bibi yake alikufa maskini wakati alikuwa na biashara yake mjini. Nilimweleza kama nilivyoeleza hapa, nikamwambia kwamba mama aliifunga biashara yake kwa mkono wake, katika asubuhi moja, na alijua anaifunga. Alifikiri kidogo. "Na wewe, mama, wangemleta hapa saluni, ungemwingiza?" Nilikuwa na mteja kitini, wawili wanasubiri, na kodi ya miezi mitatu ilikuwa inakaribia. Nilimwambia anipe kitana, nikaendelea kusuka.